Shusha Mtandio

Mtaa wa Kipawa, kando ya uwanja wa ndege, mtu hujifunza kunyamaza kabla hajajua kusoma. Ndege ikianza kushuka juu ya mabati, muuza chapati hukatisha bei katikati, mwalimu wa madrasa huacha kidole juu ya aya, na wanaogombana hubaki wamekodoleana macho mpaka ngurumo ipite. Kisha kila mtu huendelea pale pale alipoishia. Wageni hucheka. Wenyeji wala hawajui kwamba wanafanya hivyo.

Arwa binti Matar na Farhan wa Bi Chausiku ndio pekee ambao hawakuwahi kunyamaza. Tangu wakiwa watoto wa madrasa moja, huyu mtoto wa Mwarabu mwenye duka la vitambaa, yule mtoto wa muuza bagia wa nyuma ya msikiti, walikuwa na mchezo wao. Ndege ikipita, wao ndipo wanapoongea. Midomo inacheza, sauti inamezwa na injini, na mwenzako anakujibu kana kwamba amekusikia. Arwa alikuwa anabahatisha tu, na mara nyingi alikosea, wakacheka. Farhan hakukosea hata siku moja.

Walipokua, mchezo ukakua nao. Neno la kwanza la mapenzi Farhan alilitamka chini ya tumbo la ndege, mchana kweupe, mbele ya wateja waliojaa dukani, na hakuna aliyelipata ila yule aliyeambiwa, naye kwa kubahatisha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Arwa alilitunza moyoni kama mtu anavyotunza kipande cha udi ndani ya sanduku la nguo. Mama yake, Mungu amrehemu, alimlea kwamba akiingia mwanamume dukani, aivute ncha ya mtandio ifunike mdomo. Wazee wa mtaa waliisifu adabu hiyo. Farhan peke yake ndiye aliyekuwa akiinamia meza na kusema kwa upole, "Shusha mtandio kidogo, bibie."

Naye akiushusha, Farhan alimtazama. Si kama wanavyotazama vijana wa pale kwa kinyozi, wanaopima mtu kuanzia miguuni. Alimtazama mdomoni, kwa utulivu, bila kupepesa, kama mtu anayesubiri kitu chake mwenyewe kitoke. Arwa akirudi chumbani alikuwa anayaona bado yale macho. Hakuna aliyewahi kutazamwa hivyo Kipawa nzima, alijiambia. Na mtu akitazamwa hivyo, anaweza kusubiri.

Maana kusubiri ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Mwaka jana Bi Chausiku alipotuma watu kumposea mwanawe, Mzee Matar aliwapa kahawa, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana sina neno naye. Ila mpakia mizigo wa uwanja wa ndege simpi binti yangu. Na Nawaf mtoto wa ami yake yuko Kunduchi, anasubiri jibu langu." Wakaondoka na kanzu zao nyeupe na aibu yao.

Kisha Farhan akachaguliwa. Alikuwa ameomba kimya kimya, kwa alama zake za fizikia na hesabu za kidato cha sita, na jina likatoka: kozi ya uofisa, upande wa urubani, kwa ufadhili wa jeshi. Masharti yake mtaa mzima uliyajua kama unavyojua bei ya sukari. Miaka minne ya masomo, mingi yake nje ya nchi, na haoi mtu mpaka amalize na avishwe nyota. Baada ya hapo atalitumikia jeshi la anga miaka kumi kabla ya kusema sasa naenda kurusha ndege za abiria.

Mzee Matar alipopata habari hizo alikaa siku nzima akikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. Jioni akamwambia binti yake, bila kumtazama, "Akirudi na nyota begani, mlango uko wazi. Nawaf nitamjibu mwenyewe."

Arwa akaikubali miaka minne kama mtu anayepewa maji katikati ya jua.

Kilichobaki kilikuwa vipimo vya afya vya mwisho, Jumatatu, katika hospitali ya jeshi. Akivuka hapo, anatia saini. Kwa hiyo Alhamisi Bi Chausiku akasomesha dua.

Wanaume walikaa nje juu ya mikeka, wanawake ndani, na pazia la mlangoni likiwa katikati. Ubani ulifukizwa, tende zikagawiwa. Farhan alikaa karibu kabisa na mlango, ubavu wake wa kushoto ukigusa pazia. Arwa alitumwa kupeleka sinia la kahawa.

"Farhan," aliita kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya heshima. Hakugeuka.

"Farhan, pokea sinia."

Alikuwa mbele yake hapo, umbali wa mkono. Aliona hata jasho dogo kwenye shingo yake chini ya kofia ya viua. Akaita tena, kwa nguvu zaidi, mpaka mzee mmoja upande wa pili wa mkeka akainua kichwa. Farhan akaendelea kutazama mbele, ametulia kama picha.

Bi Chausiku akamjia kwa nyuma, akicheka kwa chini chini. "Mguse, mwanangu. Upande huo hata ukimpigia vigelegele."

"Upande gani, Bi Chausiku?"

"Hilo sikio lake la kushoto halisikii. Alipokuwa mdogo lilikuwaga linatoka usaha, marehemu bibi yake akawa anamtilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Usaha ukakoma, na kusikia nako kukakoma." Akampokea sinia, akamgusa mwanawe begani kwa kidole. "Wala si neno. Hapa Kipawa nani anasikia? Sote tunapigiana kelele. Na ndege haiendeshwi kwa masikio."

Farhan akageuka sasa, akaona uso wa Arwa kwenye mwanya wa pazia, akatabasamu. Macho yake yakaenda moja kwa moja mdomoni.

Arwa akavuta pazia.

Usiku ule na kutwa nzima ya Ijumaa alikuwa akifungua lile sanduku lake la moyoni na kutoa kila kitu kukiangalia upya. Kwa nini Farhan akitembea naye siku zote huhamia upande wa kushoto kwake, yeye abaki kulia kwa Farhan? Alidhani ni kumkinga na bodaboda. Kwa nini hapendi simu, huandika tu ujumbe? Alidhani ana haya. Kwa nini hakosei mchezo wa ndege? Na kile kikubwa kuliko vyote, "shusha mtandio kidogo, bibie," alikiacha mwisho kwa sababu aliogopa kukigusa.

Jumamosi Mzee Matar alikwenda Kariakoo kuchukua mzigo. Farhan akaja dukani kabla ya adhuhuri, amenyoa, shati limenyooshwa. Kwenye baraza ya duka alikaa Munira, fundi cherehani, mjane kijana ambaye Mzee Matar alimpa nafasi hapo ili pia awe jicho lake.

"Rubani," Munira alisema bila kusimamisha mguu kwenye cherehani, "ukianza kupita juu ya nyumba yangu uniangushie doti ya kanga."

"Nitakuangushia na mume, dada Munira."

"Mume mwangushe taratibu. Nyumba yangu mabati mabovu."

Farhan akaingia akicheka. Arwa alisimama nyuma ya meza, amevuta mtandio mpaka puani, japokuwa hakukuwa na mzee yeyote mle ndani. Spika ya kinyozi jirani ilikuwa inapiga singeli, cherehani ya Munira ikikimbizana nayo.

"Kesho kutwa," Farhan alisema. "Alfajiri nitakuwa getini pale hospitali."

Arwa akasema kitu ndani ya kitambaa.

"Shusha mtandio kidogo, bibie."

Arwa hakushusha. Akasema tena, maneno yale yale.

Tabasamu la Farhan lilibaki, ila macho yakaanza kutafuta. Yalikwenda kwenye macho yake, kwenye nyusi, kwenye mikono iliyoshika mkasi wa kukatia vitambaa, kama mtu aliyeangusha funguo gizani. "Eh? Sijakupata. Huyo kinyozi na mangoma yake..."

Arwa akaushusha mtandio. "Nimesema, na huko unakokwenda, nani atakushushia mtandio?"

Nje, cherehani ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Munira alikuwa na masikio mazuri.

"Mama kakwambia nini?"

"Kaniambia kama anavyoniambia chumvi imekwisha. Kwake si kitu. Mie ndiye nimekosa usingizi."

"Ni la kushoto tu."

"Na la kulia?"

Akaangalia majora ya vitambaa ukutani. "La kulia linasikia. Limechoka kidogo na injini za uwanjani. Kelele zikiwa nyingi, bila kuona mdomo sikupati vizuri. Lakini kimya, napata. Nasikia adhana. Nasikia mvua."

"Vipimo vya kwanza ulivukaje?"

"Walipima kwa kunong'ona. Daktari anasimama nyuma yako, anataja namba, unazirudia. Mbele yangu kulikuwa na kabati la dawa la kioo. Nilikuwa namuona mdomo humo."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu kuna kibanda, na mashine, unavaa vitu masikioni. Kikilia kidude unabonyeza. Kuna braza mmoja aliyepita huko kaniambia zinakwenda kwa mpangilio, sikio la kulia kwanza halafu la kushoto vile vile. Nikishika mwendo wa la kulia..."

"Utabonyeza kwa kukariri."

"Nitabonyeza, Arwa. Mie nimebeba mabegi ya watu miaka mitatu. Watu wanaokwenda kule ninakotaka kwenda mie. Unajua inakuwaje kuishika ndege kwa mkono kila siku, ubavu wake uko moto, halafu unarudi nyuma wanapokwambia rudi nyuma?"

"Najua."

"Hujui."

"Basi niambie hili ninalolijua," Arwa alisema, akaweka mkasi mezani. "Marubani wa jeshi wanavaa vitu usoni. Nimeona kwenye simu yako mwenyewe, ulinionyesha. Mdomo wote umefunikwa. Mwalimu wako nyuma amefunikwa. Anayekwambia geuka, kuna mlima, mdomo wake uko chini, maili huko, ndani ya redio. Utamwambia yeye pia ashushe mtandio?"

Mkono wa Farhan ulikuwa juu ya jora la hariri ya bibi harusi, akilipapasa pasipo kujua.

"Kuna nafasi nyingine," Arwa alisema. "Ulinisomea mwenyewe. Uofisa ule ule, upande wa uhandisi. Anayeitengeneza ndege. Mkataba mfupi, na..."

"Nikae chini nafunga nati wenzangu wanaruka."

"Ukae hai."

"Baba yako anataka nyota ya rubani. Hataki fundi. Ukinipeleka kwenye nati, umempelekea Nawaf jibu."

"Najua."

"Sasa unataka nini wewe?" Farhan aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ukali. "Ama ni ile miaka minne? Imekuwa mirefu? Sema tu umechoka hata kabla hujaanza, utafute na sababu ya sikio."

Munira huko nje alikohoa. Arwa alihisi moto ukipanda kutoka kifuani mpaka kwenye macho, na yale aliyojiambia asiyaseme yakatoka yote.

"Nikikaa kimya nakupata. Umeshafikiria hilo? Nikikaa kimya unakwenda, unarudi, baba anafungua mlango, mie nafukizwa udi navaa hii hariri unayoipapasa. Nikisema, nakukosa leo. Halafu unaniambia nimechoka. Na mie niseme langu. Miaka yote nilikuwa najisifu peke yangu. Nasema hakuna mwanamke anayetazamwa kama ninavyotazamwa mie. Nilikuwa nalala na hayo macho yako, Farhan. Kumbe hukuwa ukinitazama. Ulikuwa unatafuta kusikia tu. Ungemtazama hivyo hivyo muuza mkaa."

Farhan alifungua mdomo. Juu ya mabati ngurumo ikaanza, ikakua, ikaujaza mtaa. Kinyozi akamezwa, cherehani ikamezwa. Midomo ya Farhan ikacheza, neno baada ya neno, na Arwa akaona kwamba ni maneno mengi, na kwamba yanamuuma mwenyewe. Hakupata hata moja. Machozi yalikuwa yameshampofua.

"Sema tena," alimwambia.

Farhan aliyaona maneno hayo mdomoni mwake. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu utotoni. Alifumba macho. Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kuziba masikio. Akasimama hivyo mpaka ndege ikapita, akageuka, akatoka. Munira hakumtania tena.

Jumapili duka lilikuwa na wateja wachache. Mzee Matar alikuwa ndani akipanga majora mapya. Arwa alichukua pamba kwenye kisanduku cha vipodozi, akaisokota, akaitia masikioni, la kushoto nyingi, la kulia kidogo. Akatoka akakaa barazani, kwenye kigoda kando ya cherehani.

"Niongeleshe," alimwambia Munira.

Munira akamtazama ile pamba. Midomo yake ikasema kitu, pengine ni kuhusu akili za watoto wa Kiarabu. Kisha akaanza kuongea, na kama kawaida yake hakuwa na kituo: jirani, mkwe wa jirani, kitenge kilichochuja. Arwa alimkazia macho mdomoni. Akapata "mkwe". Akapoteza yaliyofuata. Akapata "Sinza", au labda "siwezi". Munira akageuka kukata uzi, na wakati amegeuka dunia yote ikafungwa, mpaka alipogeuka tena. Hakupata hadithi. Alipata vipande, akavishona mwenyewe, akacheka mahali ambapo hapakuwa pa kucheka.

Hata chungu cha uji kisingechemka katika muda ule, naye tayari alikuwa amechoka, kichwa kinamgonga, macho yanamwasha. Akatoa pamba.

"Umepata nini?" Munira aliuliza.

"Hakuna. Nimechoka tu."

"Utachokaje, nimeongea mie?"

Arwa aliikunja ile pamba kiganjani. Akawaza mchana wote ule wa miaka yote ile, dukani, barabarani, kwenye ngazi za madrasa, yeye akibwabwaja habari za shule, za mama yake alipougua, za rangi za nyuzi, za mambo ya kipuuzi kabisa. Na kila neno, mtu yule alilifanyia kazi. Hakuna lililomwendea bure. Wengine walimsikia kwa sababu masikio hayafungi mlango. Farhan alimsikia kwa sababu alikusudia.

Muuza mkaa angetazamwa hivyo, ndiyo, mpaka atakapotaja bei. Lakini nani angekaa miaka kumi na tano akimtazama muuza mkaa?

"Dada Munira," alisema, "nimemwambia mtu neno baya."

"Nililisikia." Munira akalamba uzi, akautia tunduni. "Sindano nayo inauma, na nguo inashonwa hivyo hivyo. Kesho atakuja au hatakuja. Wewe kaa mahali anapokuona."

Jumatatu Arwa hakumwambia mtu kitu. Siri ya sikio haikuwa yake kuitoa. Alifungua duka, akawapimia watu vitambaa, na mara mbili akakata pungufu, baba yake akamtazama juu ya miwani. Ndege ziliingia na kutoka. Kila moja aliisindikiza kimoyomoyo.

Alasiri imeshaswaliwa, Mzee Matar ametoka msikitini na kuketi kwenye kiti chake nyuma ya meza, Farhan akasimama mlangoni. Viatu vilikuwa na vumbi la njia ndefu. Arwa alikuwa kwenye kona ya majora, mtandio umefunika mdomo kama inavyopasa mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, Farhan. Umetoka huko?"

Kabla hajajibu, ngurumo ikaja. Mzee Matar akanyamaza kama wanavyonyamaza watu wa Kipawa, mkono juu ya meza, akisubiri. Farhan akageuza uso kwa Arwa. Akasema polepole, bila sauti, akilitengeneza kila neno kama mtu anayemwekea mtoto tonge.

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Arwa hakubahatisha. Aliyaona. *Nimewaambia.* Kisha, *Nisamehe.* Kisha lile la Jumamosi ambalo machozi yalimnyima, maana aliutambua mwendo wake: *Nilianza kwa kutaka kusikia. Nimebaki kwa kutaka kutazama.*

Ndege ikapita.

"Kasemaje?" Mzee Matar aliuliza. Hakuwa kipofu. Alimwuliza binti yake, si kijana.

Neno lolote Arwa atakalosema sasa linafunga mlango uliofunguliwa kwa shida. Akainua mkono. Mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza, akashusha mtandio, akausukuma mpaka chini ya kidevu, akamgeukia Farhan ili naye aone kila neno.

"Amesema hatakuwa rubani, baba. Amewaambia mwenyewe kwamba sikio lake moja halisikii. Na amekuja hivyo hivyo."

Uso wa Mzee Matar haukubadilika. Aliutazama mdomo wa binti yake ulio wazi, kisha akamtazama Farhan.

"Walikugundua?"

"Hapana, mzee. Kile kibanda kina dirisha la kioo. Nilikuwa namuona mpimaji mkono wake kila akigusa mashine. Ningevuka. Lakini nikavua vile vitu masikioni, nikamwita daktari. Nilikuwa nimeulizwa swali hapa Jumamosi, nikawa sina jibu lake."

"Swali la nani?"

"La Arwa, mzee."

Munira alikuwa amesimamisha cherehani kabisa, na hata hakujifanya anatafuta uzi.

"Na sasa?"

"Daktari kasema angani hapana. Kuna uofisa wa uhandisi wa ndege. Nao wanapima masikio, ila si kwa ukali ule. Kasema niombe upya mwakani. Hakuniahidi kitu. Kesho narudi kupakia mizigo." Alisimama wima kama ameshavalishwa sare ambayo hataivaa. "Nimeona niyaseme mwenyewe, kabla hujayasikia kwa mtu. Wewe ulisema nyota. Mie nyota sina."

Kimya kilikaa dukani. Kilikuwa kimya cha kweli, kisicholetwa na ndege. Arwa alihesabu maua kwenye kitambaa kilichokuwa mbele yake bila kuyaona. Alimfikiria Nawaf na nyumba yake nyeupe ya Kunduchi, ambaye kosa lake ni moja tu, kwamba hajawahi kumwambia ashushe chochote. Mikono ilimwuma kwa kushikana.

"Sikio lipi?" Mzee Matar aliuliza.

"La kushoto, mzee."

Mzee Matar akashika ukingo wa meza, akainuka kwa uzito, magoti yakimlalamikia. Alivaa makubadhi yake. Akaizunguka meza yote, akapita mbele ya binti yake bila kumwambia afunike uso, akampita Farhan kwa nyuma, akaenda kusimama upande wake wa kulia. Hapo akavua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu, kama afanyavyo akiwa na neno ambalo hataki kulirudia.

Arwa hakujua bado kama ni ndiyo au hapana. Alijua tu kwamba, vyovyote litakavyokuwa, Farhan atalisikia lote.